Ugonjwa wa Huntington Si Kurogwa

Ugonjwa wa Huntington hutokana na kasoro ya jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4, iliyotambuliwa mwaka 1993. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu, CAG, hujirudia; zikifika mara 40 au zaidi, mwenye nazo ataugua akijaliwa umri. Seli za ndani kabisa ya ubongo, zinazoratibu mwendo, fikra na hisia, hufa polepole. Dalili huanza zaidi kati ya miaka 30 na 50: kikombe cha chai humponyoka mtu, vidole na mabega huchezacheza, hasira hupanda ghafla, hesabu ya chenji humshinda. Baadaye kumeza huwa taabu na mwili hukonda. Kifo hufika baada ya miaka 15 hadi 20 hivi, mara nyingi kwa nimonia.

Kutoka Kipalapala, Tabora, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete ni safari fupi, lakini familia inayouliza "nani kamroga?" huweza kuimaliza kwa miaka. Swali hilo ni kosa, na mganga hulijibu kwa kutumia dalili zenyewe. Mgonjwa akipelekwa kwenye ngoma ya kupunga pepo, kelele na wasiwasi humzidishia mitikisiko. Watu husema amepandisha. Akinyweshwa dawa ya kumlaza, mwili hutulia, kwa kuwa mitikisiko hiyo hupungua au kukoma usingizini. Mganga hupewa mbuzi wake. Asubuhi mikono huanza tena, na adui mwingine hutajwa. Hakuna kilichotibiwa.

Ukoo wenyewe unatoa ushahidi. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi jeni hiyo, iwe inatoka kwa baba au kwa mama. Ugonjwa hauruki kizazi: asiyeirithi jeni hana cha kurithisha. Huonekana umeruka pale mzazi mwenye jeni anapofariki kwa malaria au ajali kabla ya dalili. Wala si ugonjwa wa Wazungu: umeripotiwa pia kwa Waafrika, na upo ugonjwa unaofanana nao, wa jeni ya JPH3, unaowapata watu wenye asili ya Afrika.

La kufanya ni hili. Hospitali ichunguze kwanza malale, kwa sababu Tabora ina mbung'o, pamoja na kaswende na UKIMWI. Dawa ya haloperidoli hupunguza mitikisiko. Sonona itibiwe mapema, maana wagonjwa hawa hujiua zaidi kuliko watu wengine. Chakula kiwe laini, kingi, cha mara kwa mara, mgonjwa akiwa ameketi wima. Watu wazima wa ukoo wapate ushauri nasaha kabla ya kipimo cha jeni; watoto wasio na dalili wasipimwe.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Anayedai kuwa nayo asipewe hata shilingi. Fedha hiyo inunue maziwa na uji wa mgonjwa.