Wimbi la Hokusai na Soko la Picha za Chapa

Picha za chapa ni kazi za sanaa zinazotolewa kwa kukandamiza karatasi juu ya kibao, jiwe au bamba la madini lililochongwa au kuchorwa na kupakwa rangi, na kwa sababu hiyo kazi moja huweza kuwa na nakala nyingi ambazo zote ni halisi. Wimbi Kubwa, chapa ya msanii wa Japani Katsushika Hokusai iliyotolewa Edo, yaani Tokyo ya leo, takriban mwaka 1831, inaeleza uchumi wa sanaa hiyo vizuri. Hokusai alichora tu. Mafundi wengine walichonga vibao vya mti wa mcheri na kupiga chapa, huku mchapishaji Nishimuraya Yohachi akigharimia kazi yote na kuwauzia wakazi wa mji nakala kwa bei ndogo. Inakadiriwa kuwa nakala zilifikia 8,000, kwani vibao vilitumika hadi mistari yake ilipochakaa.

Nakala moja ya karatasi hiyo ya bei ndogo iliuzwa katika mnada wa Christie's, New York, Machi 2023, kwa dola milioni 2.76. Bei hiyo haikutokana na umaarufu wa picha pekee, maana baadhi ya nakala za wimbi hilohilo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Wanunuzi hutazama kama mistari ni mikali, dalili kwamba nakala ilitoka mapema kabla kibao hakijachakaa, na kama rangi hafifu ya anga haijafifia. Mwanga hufifisha rangi hiyo, na ndiyo maana makumbusho huonyesha nakala zao kwa miezi michache kisha huzihifadhi gizani kwa muda mrefu. Kwa hiyo, mgeni anayefunga safari ili kuliona wimbi hilo huenda asilikute ukutani.

Pengo hilo hujazwa na duka la makumbusho, ambalo huuza mabango, yaani picha zilizopigwa kwa mashine kutokana na fotografia. Tangu mwaka 2017, Metropolitan Museum of Art ya New York imeruhusu mtu yeyote kutumia bila malipo picha za kazi zake zisizobanwa tena na hakimiliki, uamuzi unaostahili sifa, kwa kuwa haukuzuia bei za nakala za kale kupanda. Kati ya bango na nakala ya kale kuna chapa zilizochongwa upya, kama zile za Taasisi ya Adachi ya Tokyo, ambazo hutengenezwa kwa mikono na kuuzwa waziwazi kama kazi za sasa.

Hatari huanza pale muuzaji anapoficha tofauti ya aina hizo tatu. Wasanii wa leo huipunguza kwa kutia saini na kuandika namba, mfano 12/100, maana yake nakala ya 12 kati ya 100, lakini chapa za zama za Hokusai hazina namba hizo. Mnunuzi na adai kwa maandishi, kabla ya kulipa, ni nani aliyepiga chapa, lini, na kwa vibao vipi.