Joto Ndilo Linalomaliza Luku

Juu ya swichi za ofisi nyingi imebandikwa karatasi: zima taa utokapo. Agizo hilo ni jema na lifuatwe. Lakini mhasibu anayeona umeme wa Luku unaisha kabla ya mwezi kwisha aanze kwa kukitazama kiyoyozi kilichoko ukutani, maana humo ndimo uniti zinamoishia.

Tupige hesabu kwa Shilingi 292 kwa uniti, bei ya kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, kabla ya kodi na tozo. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula kama wati 0.3, usiku na mchana kwa mwezi mzima haifikishi Shilingi 70. Taa ya LED ya wati 18, ikiwaka saa tisa kwa siku kwa siku 22 za kazi, ni kama Shilingi 1,040. Tyubu ya zamani ya wati 36 na choki yake hupita mara mbili ya hapo. Kiyoyozi kinachovuta wastani wa kilowati moja kwa saa hizohizo humaliza uniti 198, karibu Shilingi 58,000. Na ofisi yenye kiyoyozi huwa nacho zaidi ya kimoja.

Kutoa mwanga ni kazi ndogo. Kuzalisha joto au kulihamisha ni kazi kubwa. Ndiyo maana birika la umeme lililojazwa pomoni kwa ajili ya vikombe viwili vya chai ni hasara halisi, na printa ya leza, ambayo lazima ipashe moto roli lake hadi karibu nyuzi 200 ili unga wa wino uyeyuke na kushika karatasi, ni afadhali ichapishe kazi za asubuhi kwa mkupuo. Kiyoyozi chenyewe ni pampu: hulichota joto la ndani na kulitupa nje. Kila joto linaloingia lazima lichotwe, liwe la jua la dirishani, la bati lililopata moto au la miili yetu. Mtu aliyeketi hutoa kama wati 100 za joto, hivyo watu kumi katika chumba kimoja ni kilowati nzima.

Sasa, ili tuone joto linavyoweza kuondolewa bila umeme, twende Nassa, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la huku si lile la Dar es Salaam lenye unyevu wa bahari. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu yake hupanda, na ile ya ziwani iliyo baridi huingia kushika nafasi yake. Upepo huo huja bure, alasiri, saa ambazo ofisi inauhitaji zaidi.

Unachohitaji ni ukuta uliokaa vizuri. Nassa iko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita halitoki mbali na utosi mwaka mzima. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa ukingo wa paa tu. Zinazotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua lililoinama, ambalo hakuna ukingo wa paa unaolizuia. Na kwa bahati njema ziwa liko upande wa kaskazini: jengo refu lililolazwa mashariki hadi magharibi hupata kivuli na upepo kwa pamoja.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Wilaya ya Busega, ambayo Nassa imo ndani yake, ilimegwa kutoka Magu. Mkoa ungali mchanga, kwa hiyo kuna ofisi ambazo bado zitachorwa, Nyashimo, Bariadi na kwingineko. Inaniuma kuona mtindo wa kioo kikubwa kinachotazama magharibi, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ambayo hata yakifunguliwa huacha nusu tu ya uwazi wake. Jengo kama hilo limejifunga kununua umeme wa kujipoza kwa miaka 50.

Nairobi, pale Gigiri, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi za watu wapatao 1,200 zinazopozwa kwa hewa ya kawaida: hupita madirishani, hupata moto, kisha hupanda na kutokea juu kwenye uwazi wa katikati. Paani kuna paneli za jua za mita za mraba 6,000. Nairobi ina baridi kuliko Nassa, ni kweli, na hapa feni itahitajika. Feni hula kama wati 60, sehemu ndogo mno ya kiyoyozi. Haipunguzi joto la chumba, hukausha jasho la mtu. Ikizunguka katika chumba kitupu haipozi chochote.

Kwa jengo lililokwisha kujengwa vibaya, anza na paa: bati lipakwe rangi nyeupe, na juu ya dari pawekwe kizuia joto. Kisha panda miarobaini upande wa magharibi, mbali kidogo na msingi, na uimwagilie kiangazi hadi ishike.