Maana na Matumizi ya Neno "Shambles"

Neno shambles la Kiingereza hapo kale lilitaja meza za wauza nyama, baadaye machinjio. Siku hizi hutaja mambo yaliyoparaganyika. Wanafunzi wetu hulifasiri "vurugu", nasi twanyamaza. Haifai. Vurugu ina watendaji. Magunia ya mahindi yaliyorundikwa ovyo sokoni Mabanga yamekaa shaghalabaghala tu, hayana ugomvi na mtu.

Uzito wa tofauti hii ulionekana baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Ujumlishaji wa kura ulikuwa shaghalabaghala. Mauaji yaliyofuata, ya watu zaidi ya 1,100, ambayo Kitale nayo iliyaona, yalikuwa machafuko. Aandikaye "vurugu za kujumlisha kura" humtwika karani aliyekosea hesabu damu aliyoimwaga mwingine. Kwa fomu zisizolingana ningependelea "mparaganyo".