Johannesburg: mu taxi tulinyamaza

Siku tatu mu bus, toka Lubumbashi, kupita Kasumbalesa, Lusaka, Harare na Beitbridge. Ndipo tukashuka Park Station, katikati ya Johannesburg, miguu imevimba.

Ya kwanza iliyonishangaza ni taxi. Kule hakuna receveur. Muntu anasimama kando ya barabara, anainua kidole kimoja juu, na dereva anajua huyu anaenda katikati ya muji. Mukiisha kuingia, franga zinapita mkono kwa mkono toka nyuma mpaka mbele, na yule mwenye kukaa karibu na dereva ndiye anahesabu na kurudisha monnaie. Bantu kumi na tano hawajuane, na monnaie yako inafika yote. Ku kwetu tungegombana mbele ya kufika rond-point.

Lakini ndugu aliyenipokea, mutu wa Likasi, aliniambia mbele ya kupanda: «Yaya, mu taxi usijibu telefone. Kiswahili yetu uiache ku nyumba.» Mwaka 2008 bantu zaidi ya 60 waliuawa katika fujo za kufukuza wageni, 2015 na 2019 fujo zikarudi. Basi nikatoa franga zangu, nikanyamaza.

Kule Yeoville, ku barabara Rockey, vinywa vinafunguka. Mu soko kuna sombe, makayabu, fumbwa. Lingala, Tshiluba, Kiswahili na Kifaransa vinapigana kelele karibu na bamama wa Zimbabwe. Bei ya sombe ni ya kulilia, lakini nilikula.

Na muji hii yote, ndugu wachimbaji, ilizaliwa na mine. Dhahabu ilionekana 1886. Wakaja wafanyakazi wa Lesotho, wa Msumbiji, wa Malawi, na chini ya shimo wakazungumza fanagalo, luga ya kuchanganya Kizulu, Kiingereza na Afrikaans. Upande wa kusini unaona vilima vya rangi ya manjano. Si vilima: ni mabaki ya mine, na upepo wa mwezi wa nane unayarudisha mu manyumba.

Karibu na Park Station muzee mmoja wa Lesotho anauzisha sigara moja-moja. Alichimba dhahabu, sasa anakohoa. Mwaka 2019 tribunali ya Johannesburg ilikubali mapatano ya makampuni ya dhahabu kulipa wachimbaji wenye silikosi na kifua kikuu, karibu randi miliari 5. Yeye angali anatafuta karatasi za kazi yake. (Bamama, bulletin ya paie ya baba musiwashie nayo moto.) Nilipomwambia natoka mine ya Congo, alisogea, akanipa nusu ya sanduku lake nikae.

Mu taxi ya kurudia nilinyamaza tena, na nikakumbuka gare ya Likasi, 1992. Nilikuwa mutoto. Familia za Wakasai zilikuwa chini, vyombo vyao vimefungwa mu ma-drap, wanangoja treni. Baba zao walifanya poste moja na baba yangu. Mwenzangu wa masomo alikuwa kati yao, amekaa juu ya sufuria. Aliniangalia. Sikumuita.