Sura ya Sita: Kuuliza Kabla ya Kuzika

Kisiwa cha Idjwi, kilichomo ndani ya Ziwa Kivu, hakina njia ya nchi kavu iendayo Bukavu. Kwa hiyo mja mzito ambaye uzazi wake umewashinda wahudumu wa kisiwani hana budi kuvushwa kwa chombo hadi mjini, na akisalimika yeye ilhali mtoto amefariki, msiba humkuta ugenini, mbali na jamaa wajuao namna ya kulia naye.

Hapo muuguzi, kwa huruma yake, huharakisha: humfunika marehemu, humwondosha, kisha humliwaza mzazi kwa ahadi ya mtoto mwingine. Huruma hiyo ina kasoro, kwani imeamua bila kuuliza. Yafaa aseme taratibu, “Mama, wapenda kumwona?” na akikubali, aelezwe kwanza kwamba ngozi huenda imechubuka, ndipo aletewe mtoto aliyepanguswa uso na kuviringishwa katika kitenge; akikataa, asilazimishwe, bali aambiwe kwamba akibadili nia kabla ya maziko ataletewa.

Kujua desturi ni msaada, wala si hukumu. Wakatoliki wengi wa Ufilipino husali siku tisa mfululizo kwa ajili ya maiti wao, lakini haimpasi mhudumu kudhani kwamba kila Mfilipino aliyefiwa na kichanga atataka hivyo. Na Idjwi nako, waliko Wahavu na Watwa, Wakatoliki na Waprotestanti, jibu la nyumba moja halitoshi nyumba ya pili. Baadhi ya maswali hayangoji: kwa sheria ya Kanisa Katoliki, katika dharura yeyote aweza kubatiza, hata mkunga, lakini hubatizwa aliye hai; basi kichanga akihema kwa shida, wazazi waulizwe saa ile ile.

Siku ya pili au ya tatu maziwa huja, mtoto awepo asiwepo. Mama asipotahadharishwa hudhani mwili wake unamdhihaki. Apewe kitambaa cha maji baridi, na kitanda kisichopakana na wanaonyonyesha.

Hatimaye, jamaa waulizwe nani atamvusha maiti, na kwa nauli gani. Naye mama arudipo kisiwani, akabidhiwe barua ya zahanati ielezayo yaliyomfika, asije akaulizwa mbele za watu mtoto wa chanjo yuko wapi.