Je, Wajua? Pudini Zilizozaa Maili za Ndege

Mwaka 1999, Healthy Choice, kampuni ya vyakula ya Marekani, ilitangaza zawadi: tuma misimbo pau 10 ya bidhaa zake upewe maili 500 za ndege, yaani pointi za kulipia safari; ukiwahi kabla ya Mei kwisha, 1,000. David Phillips, mhandisi wa California, alipiga hesabu. Pudini yao iliuzwa senti 25 tu kikombe! Akanunua vikombe zaidi ya 12,000, kwa dola kama 3,000. Nani angebandua lebo zote hizo zenye misimbo pau? Hapa ndipo namvulia kofia: aliwapa Jeshi la Wokovu pudini zenyewe, nao wakambandulia. Alivuna maili zaidi ya milioni 1.2, akapata pia hadhi ya Gold ya maisha katika shirika la ndege la American Airlines, yenye nafasi ya kupandishwa daraja.