Sahihi ya Mwandishi Kitabuni
Msomaji wa Makadara mwenye shauku ya kukusanya vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia Mei 2025, na aanze kwa kutazama jalada: Weep Not, Child cha 1964 na A Grain of Wheat cha 1967 vilitoka kwa jina la James Ngugi, ilhali Petals of Blood cha 1977 kilibeba jina tulijualo leo. Jina pekee halitoshi kutambua nakala ya awali; afunue nyuma ya ukurasa wa anwani, asome tarehe ya chapa. Nakala ya awali yenye sahihi ya mkono wake ni tunu adimu mno, kwani sahihi hizo haziongezeki tena. Aliye nayo aiepushe na jua na unyevu, wala asiibandike utepe wa plastiki.